Mshale Mwekundu wa Mwalimu Kasonia

Mwalimu Kasonia hakuwahi kuiona bahari, na ukimuuliza alikasirika. "Na weye, ulishaka ona moyo yako? Lakini inapiga!"

Alitufundisha jiografia huku Kimemi, mtaa wa Butembo, mwaka 2000, wakati wa vita. Ramani ya shule ilikuwa imeliwa na panya, basi aliichora upya ubaoni kwa chaki: Pasifiki kwanza, kubwa kuliko nchi kavu zote zikiunganishwa, kisha Atlantiki, kisha Hindi. Halafu akatoa chumvi mfukoni, akatutilia kidogo kidogo viganjani, tukalamba.

"Hii hapana chumvi ya ziwa ya Katwe, ni ya bahari," alisema. "Mvua ya mashamba ya Vuhovi, dawa ya malaria, kikwembe mama yako anavaa, yote inatokea kule. Bahari ikifungwa, tunakufa huku mulimani."

Mwishoni alichora mshale wa njia ya meli kutoka Uchina hadi Mombasa. Pale akaweka chaki chini.

Sisi watoto wa wafanyabiashara hatukuridhika. Baba alikuwa anangoja kontena ya bidhaa kutoka Uchina kwa mwezi wa nne sasa, na kanisani tuliiombea kama mgonjwa. Kwa hiyo kwenye daftari langu niliuvuta ule mshale kwa kalamu ya bic nyekundu, ukapita mpakani Kasindi na mji wa Beni ukaingia Butembo, nikauwekea kichwa kinene. Nilijivuna sana.

Likizo ilipofika nikapanda lori kwenda kwa shangazi kule Beni. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alifungua daftari langu, akamwita mkubwa wake, Étienne, mtu wa mkoa mwingine.

"Hii ni plan ya attaque, ya kushambulia muji," alisema Étienne. "Nani alikutuma?"

"Ni bahari, chef. Ni ya masomo."

"Butembo iko na bahari?"

Walicheka, wakanifungia kibandani. Dereva akarudi Butembo na habari. Baba aliogopa kuja. Simlaumu. Hapana, namlaumu.

Kesho yake alikuja Mwalimu Kasonia, amevaa koti lake la kanisani. Étienne akamwonyesha daftari.

"Nani alichora huu mushale?"

Mwalimu aliutazama ule wino mwekundu. Alijua vizuri yeye aliishia wapi. Akanitazama mara moja tu, mimi mwanafunzi wake Séphora, nimelowa machozi.

"Ni miye, chef. Huyu mutoto alikopia tu. Mumuache aende."

Mdomo nilikuwa nao. Niliutumia kusema asante kwa askari, nikachukua begi langu, nikapanda lori lililofuata.

Walimshikilia siku kumi na tisa. Alirudi na mkono wa kulia usioweza tena kushika chaki. Mwezi uleule kontena ya baba ilifika, imejaa vyombo vya plastiki, tukatoa shukrani kanisani. Jina la mwalimu halikutajwa.

Sasa anauza chumvi sokoni, anapima kwa mkono wa kushoto. Kwa miaka mitatu nilikuwa nanunua kwake kila wiki bila kumtazama usoni. Jumamosi iliyopita nikashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, ule mushale ulikuwa wangu. Nilinyamaza."

Alimaliza kwanza kufunga mfuko wangu.

"Najua. Na ulichora muzuri, Séphora. Bahari inafika mpaka huku. Ni miye nilisimamisha mushale yangu mapema, kule Mombasa."

Nililia pale pale mbele ya wateja wake, naye akanisogezea kigoda nikae.