Bwana Ambaye Hakupita Jandoni

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Masasi, nilikabidhiwa kipaza sauti kilichoviringishwa utepe na kigoda cha kukalia kando ya televisheni. Mwenye banda la video, ambaye alipenda tumwite Mkurugenzi, akaniambia, "Mama Tumaini, Kiingereza cha misheni unacho. Wakicheka wale wa ndani ya televisheni, na hawa wa kwenye mabenchi wacheke. Kazi ni hiyo tu." Nikadhani rahisi. Thubutu!

Ilikuwa enzi ya ruksa. Biashara zimefunguliwa, na kila mwenye jenereta na deki, ile mashine ya kuchezea kanda za video, anajiita tajiri. Sisi watafsiri tulikaa gizani tukiyageuza maneno papo hapo. Ninyi wa siku hizi mnaosoma maandishi chini ya picha mnadhani kazi ile ni kujua lugha. Lugha peke yake haitoshi, wanangu. Mwigizaji akifumba mdomo, na wewe uwe umemaliza. Ukichelewa, kichekesho kimeshalala.

Karate haikunisumbua, maana mtu akipigwa teke haombi mkalimani. Shida ilianza Mkurugenzi alipofungua banda la pili Newala, juu kwenye uwanda wa Wamakonde, akanihamishia huko. Alileta kanda za vichekesho vya mfululizo, vya bwana mmoja Mzungu mwenye miwani na tai ya kipepeo. Anakaa kwa mama mkwe wake, na kutwa anajidai kuijua opera, wachoraji na washairi wa kale. Ndani ya televisheni watu wanavunjika mbavu, kwenye mabenchi kimya. Nikianza kueleza kwamba opera ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa mwanzo hadi mwisho, bwana mwenyewe ameshatoka mlangoni.

Mkurugenzi hakuwa na subira. "Ijumaa wasipocheka, narudisha karate, na wewe unarudi kwenu Masasi. Siwezi kuajiri mtu wa kuhubiri opera." Nilikosa raha wiki nzima. Tumaini wangu alikuwa sekondari, na ni kazi ile iliyomweka darasani.

Ijumaa ikafika, banda limejaa. Bwana yule kampeleka mama mkwe kwenye opera, kasinzia, kakoroma. Walipotoka nje akaanza kujitapa kwamba yule mwimbaji aliyevaa kinyago ni rafiki yake. Nikaitupa opera. "Walikwenda kutazama lipiko!" nikasema. Lipiko ni kile kinyago cha Wamakonde kinachotoka kucheza ngoma vijana wanaporudi kutoka jandoni. Mabenchi yakaamka. Nikanogewa. "Na sasa anajidai anamjua mtu aliyemo ndani!"

Wanawake wakajitanda khanga usoni.

Jamani! Mimi Mmakua wa misheni, nimejisahau. Huku juu lipiko si mtu, ni mzimu, na mwanamke hasemi vinginevyo mbele za watu. Mzee Chilumba, mkuu wa jando, akasimama.

"Mama Tumaini."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nani kakwambia ndani ya lipiko kuna mtu?"

Kwenye televisheni bwana bado anajitapa. Nikamnyooshea kidole. "Mimi simo, Baba. Kasema huyu! Mpelekeni jandoni akafundwe."

Mzee akamgeukia, akaitazama ile tai, akaitazama miwani. "Kumbe hajapita jandoni!" akasema. "Ndiyo maana anakaa kwa mama mkwe."

Weee! Banda nusura lianguke. Mkurugenzi, aliyekuwa mlangoni, alijifuta machozi kwa shati. Karate ikasubiri. Toka siku hiyo mchoraji nilimwita mchongaji wa mpingo, mshairi nikamwita manju wa ngoma, na watu wakacheka pale pale walipocheka wenyewe wa ndani. Majivuno ya kujua makubwa usiyoyajua hayana Mzungu wala Mmakonde.

Nimestaafu, mabanda yenyewe yamekwisha, na cheti sina. Lakini msimu wa jando uliofuata Ijumaa ile, lipiko lilitoka uwanjani lina miwani na tai ya kipepeo. Likatembea kwa madaha, likasimama, likasinzia, likakoroma. Uwanja mzima ukageuka kunitazama mimi. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Juzi nikamsimulia mjukuu wangu, mtoto wa Tumaini. Akauliza, "Bibi, siku ile ndani ya lipiko alikuwemo nani?"

Nikamkazia macho. "Nani kakwambia ndani kulikuwa na mtu?"