Vyuma Viwili Chini ya Gari la Baba

Mama alikataa kupanda tena gari la baba siku alipotolewa kupitia dirishani. Walikuwa wanarudi Lodwar kutoka Lorugum, na baba, badala ya kupita darajani, akakata laga, mto wa mchanga usio na maji hadi mvua inyeshe. Gurudumu moja la mbele likapanda ukingo, la nyuma la upande wa pili likazama mchangani. Gari zima likajipinda na mlango wa mama ukagoma. Upande wa Loima mawingu yalikuwa mazito, na sisi tunajua maji ya laga yanavyokuja hata kama kwako hakujanyesha. Siku hiyo hayakuja. Lakini mama alivutwa nje na wachunga mbuzi wawili, akafika nyumbani na leso iliyochanika, akasema kile chombo amekimaliza.

Kuanzia hapo kila Jumapili baba alienda kanisani na kiti kitupu pembeni. Mama alienda kwa pikipiki. Wakati mwingine alimpita baba njiani, na hakugeuka.

Gari lenyewe ni la Kimarekani, la zamani, la milango miwili na injini ya silinda nane, lililoundwa kwa ajili ya kukimbia kwenye lami. Mpima ardhi mmoja wa kigeni alikuja nalo, wakati baba ni dereva wake wa lori, na alipoondoka akamwachia pamoja na karatasi zake. Nilimuuliza baba gari kama hilo linatafuta nini Turkana. Akanijibu kwamba hata mimi na digrii yangu ya fizikia hajui tunatafuta nini Turkana.

Nililala chini ya gari asubuhi moja na tochi. Halikuwa na chasi, ile fremu ndefu ya chuma inayobeba gari zima. Mbele kulikuwa na fremu fupi iliyobeba injini, nyuma fremu fupi iliyobeba ekseli, na katikati palikuwa na bati la sakafu tu. Kila mvutano wa injini na kila shimo la barabara lilikuwa likikunja bati hilo. Nikamwambia baba tunahitaji vyuma viwili virefu vya mraba, kimoja kila upande, viunge fremu ya mbele na ya nyuma.

"Unasema nimeendesha gari bila mgongo miaka yote hii?"

"Ndiyo."

"Na mama yako alijua?"

"Mama alijua mlango haufunguki."

Mafundi wa Lodwar walizoea pikapu na malori. Tukaambiwa yuko Mkongo mmoja Kakuma aliyewahi kufanya kazi hiyo kwao. Tukaenda polepole, baba akikwepa kila shimo kama anayebeba mayai.

Fundi alikuwa mtu mwembamba, mpole. Alipiga magoti, akachungulia, akasema, "Papa, magurudumu ibaki chini. Gari ikining'inia inajikunja. Nikichoma hivyo, itabaki hivyo."

"Kijana, mimi nimechomelea malori kabla hujazaliwa," baba alisema. "Huku tunapandisha kwa mapipa."

Fundi akanitazama mimi. Nyumbani nahoji kila kitu, hadi sala ya chakula. Hapo nilishika jeki tu. Jua lilikuwa kali na mapipa yalikuwa karibu. Tukapandisha gari kwa jeki, tukaweka mapipa mawili chini ya tumbo lake, magurudumu yote manne yakaning'inia. Lori lina chasi yake nzito, unaweza kulipandisha utakavyo. Hili halikuwa lori.

Fundi alikishika kila chuma kwa nukta chache za moto, bila kumaliza. Nadhani alijua tutarudia. Tuliposhusha gari, baba alizunguka akavuta mlango wa mama. Ulifunguka nusu, ukasaga ukingo, ukakwama.

Baba alibaki ameshika kitasa. Nilisubiri alaumu moto, au chuma, au mimi.

"Kata," akasema.

Mara ya pili, siku hiyo hiyo, tulifanya kwa njia ya fundi. Tulichimba handaki la kumtosha mtu kulala, tukalaza mbao nene pande zote mbili, gari likasimama juu kwa magurudumu yake. Tukatoa tangi la petroli na kukunja zulia. Kisha fundi akasema wanaopanda gari waingie, wakae kila mmoja mahali pake, ili chuma kishike gari likiwa na uzito wake wa kweli. Nikakataa watu kukaa juu ya moto.

"Petit amesoma," fundi alisema, akiniita mdogo kwa Kifaransa, akacheka. "Basi tuweke mizigo ya kilo yao. Mama ana kilo ngapi?"

"Hamsini," baba alisema.

"Baba, hiyo ni ya siku ya harusi."

Baba akampigia simu, akaiweka kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa na grisi.

"Mama watoto, una kilo ngapi?"

"Nani anauliza?"

"Fundi."

"Mwambie mimi si mbuzi wa soko."

"Anataka kuweka mzigo kwa kiti yako."

"Mimi sina kiti huko."

Baba alitazama handaki. "Iko," akasema. "Leo nilimkatalia fundi, gari ikaharibika. Na siku ile uliniambia nipite darajani. Nilisikia. Nilijifanya sijasikia."



"Sabini na tatu," mama alisema. "Na usimwambie mtu."

"Uko kwa spika, mama," nikasema.

"Basi na wewe usimwambie mtu."

Kwenye usukani tulipakia mawe ya uzito wa baba, na kwenye kiti cha mama gunia la unga la kilo hamsini, mtungi wa maji wa lita ishirini na mawe ya kilo tatu. Nilimwambia fundi kwamba tofauti ya kilo ishirini na tatu haiwezi kuonekana hata kwa rula. Akasema inawezekana, lakini niweke. Akachoma kipande kifupi kushoto, kipande kifupi kulia, akipoza katikati ili joto lisivute bati. Kufikia alasiri mlango ulifunguka kwa kidole kimoja.

Nyumbani mama hakuuliza maelezo yangu. Alimwamuru baba apandishe gurudumu la mbele juu ya jiwe na kuchimba shimo chini ya la nyuma upande wa pili, gari likae limepindwa kama kule lagani. Kisha akafungua mlango, akafunga, akafungua. Nilihesabu mara kumi na moja. Katika habari hii yote, ni yeye peke yake aliyefanya jaribio linalostahili kuitwa hivyo.

Akaketi. Baba akakimbilia usukani, akawasha.

"Zima," mama alisema. "Nimekuja kuangalia tu."

Jumapili alipanda, amevaa viatu vyake vya kanisani. Mimi sikwenda. Baba aliniambia baadaye kwamba kabla ya mjini mama alimsimamisha kando ya barabara, akashuka, akaufunga mlango, akaufungua, akapanda tena. Kisha akamwambia aendeshe.