Bidoni Mbili Chini ya Kitanda cha Kambo

Sogeza kiti chako karibu, mwanangu, na upunguze hiyo redio kidogo. Jana uliniambia ulimwona kijana kituoni akitia mazuti, yaani dizeli, katika gari linalotumia esanse, yaani petroli, na watu wote wakamzunguka, kila mmoja na dawa yake. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu niliwahi kusimama katikati ya kelele kama hizo, na mpaka leo nikizikumbuka kichwa kinanizunguka.

Ilikuwa alasiri, katika ile miaka Katanga ilipojitenga na nchi nzima. Tulikaa mtaa unaoitwa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ambayo bado iliitwa Elisabethville. Baba alikuwa mtu wa reli. Alitoka kaskazini, upande wa Kongolo, pamoja na mama yake, bibi yetu, ambaye sote tulimwita Kambo. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Papa Ilunga, muuza vitambaa kutoka jimbo la Kasai, na mkewe Mama Meta. Hapo zamani moto wa jiko letu ukizimika, tulikwenda kuomba makaa kwao. Lakini mambo yalipoharibika, watu wa Kasai na watu wa Katanga wakaanza kusalimiana wakitazama chini. Mimi nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kusikia yote, lakini sikuwa mkubwa wa kutosha kuyaelewa.

Esanse ilikuwa adimu. Askari wakikuta bidoni, yaani dumu la mafuta, nyumbani mwako, waliondoka nayo. Basi watu wakajifunza kuficha. Unaosha bidoni ya mafuta ya mawese, unatia esanse ndani, unaifunga, unapaka mawese mdomoni, unaisukuma chini ya kitanda cha mzee. Askari anaona wekundu mdomoni mwa bidoni, ananusa mawese, anapita. Tulijiona werevu sana. Kumbe tulikuwa tunalala juu ya moto, mwanangu, na tulipaswa kuogopa kitanda kile kuliko askari. Usiweke kamwe esanse ndani ya nyumba.

Chini ya kitanda cha Kambo kulikuwa na bidoni mbili. Moja ilikuwa ya Papa Ilunga, maana nyumba yake ilipekuliwa mara nyingi kuliko yetu, na Kambo alikuwa amemwambia Mama Meta, "Lete huku, hawatamuamusha muzee ku kitanda." Ya pili ilikuwa ya Donati, mume wa dada yangu mkubwa, Yaya Helena. Donati aliendesha lori la mbao, na lori lile lilitumia mazuti. Bidoni zenyewe zilifanana kama mapacha.

Alasiri ile uchungu ulimshika Yaya Helena. Ilikuwa mimba ya kwanza. Mama mmoja aliyezoea kuzalisha wanawake wa mtaa wetu akampapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya. Apelekwe hospitali, tena kabla ya giza, kwani giza likiingia hakuna aliyeruhusiwa kuonekana barabarani.

Hatukumwomba Papa Ilunga. Alitoka mwenyewe, ufunguo wa gari lake mkononi.

"Esanse imebakia kidogo tu," akasema. "Mulete ile bidoni yangu."

Donati akakimbia ndani, akavuta bidoni, akaimimina tangini kwa haraka mpaka nyingine ikamwagikia viatu vyake. Mawese ya mdomoni yalifunika harufu, kama kawaida. Tukamlaza Yaya kwenye kiti cha nyuma, Mama Meta akakaa naye. Gari likawaka vizuri, kwa sababu katika mipira yake ya kupitisha mafuta kulikuwa bado na esanse safi. Likafika kwenye kona. Hapo likakohoa, likatoa moshi mweupe mzito, likatetemeka, likanyamaza.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi nilishuhudia neno likiharibika mbele ya mtaa mzima.

"Mutoke mule ndani, itapasuka," mmoja akapiga kelele, na nusu ya watu wakakimbia, wakamwacha Yaya garini.

"Hapana, washa tena," akasema mwingine. "Itakohoa, itazoea. Kama muntu anakunywa lutuku mara ya kwanza."

Watu wakacheka, hata wale waliokuwa wamekimbia. Mwanamke mmoja akasema pombe ya lutuku imemzoea mumewe miaka yote na bado anakohoa.

"Ongeza esanse nzuri juu, ile mubaya itashuka chini."

"Tia petrole ya taa, iko katikati ya zote mbili."

"Ile motokari imekufa. Mwiache, mumubebe mama ku mugongo."

Mwanangu, nilimwamini kila aliyesema. Aliyesema lisukumwe, nikaanza kusukuma. Aliyesema litapasuka, nikarudi nyuma. Ndani ya gari Yaya alikuwa anauma kitambaa, na jua lilikuwa limeshagusa mapaa ya nyumba.

Ndipo Donati akamgeukia Papa Ilunga. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Weye Ilunga, ulitia nini mu bidoni yako? Njo vile munatufanyia? Muke wangu iko mule."

Kicheko kikakatika. Nikasikia manung'uniko yakipita mtu kwa mtu: munaona, bantu ba Kasai, tuliwaambia. Kijana mmoja akainama, akaokota jiwe, akawa analigeuzageuza mkononi kama embe analolipima. Papa Ilunga alisimama na ufunguo wake. Kila alipotaka kusema, mwingine alisema kwanza. Aibu yangu ni kwamba hata mimi, niliyekula makande ya Mama Meta tangu utotoni, nilimtazama na kujiuliza: na kama ni kweli?

Kambo akaja polepole na fimbo yake. Kambo hakujua gari hata kidogo. Alikuwa akipanda kwa kugeuka na kutanguliza makalio, kama anayeketi kigodani. Akafika, akamtazama Yaya, akamshika mkono kwa muda, kisha akageuka.

"Donati, mutoto akikunywa sumu, utamulisha bukari juu, ili sumu ikuwe kidogo?"

"Hapana, Kambo."

"Utamuambia akimbie mbio, ili sumu iishe mu mwili?"

"Hapana."

"Basi munyamaze. Na weye, mutoto, weka lile jiwe, haiko embe." Kisha akasema, taratibu kabisa, "Ilunga, motokari iko yako. Nani amekuuliza?"

"Hakuna muntu, Mama."

"Mi nakuuliza."

Papa Ilunga alivuta pumzi kama mtu aliyeamshwa. Jambo la kwanza alilofanya ni kutia ufunguo mfukoni. Akafungua tangi, akachovya kitambaa, akaminya tone kiganjani, akalisugua kwa kidole. Likabaki linateleza, halikukauka.

"Hii iko mazuti," akasema. "Mulete ile ingine."

Nilikimbia mimi. Akaminya tone la bidoni ya pili kwenye kiganja kingine. Likakauka upesi, likaacha ubaridi. "Hii njo esanse."

Hakumtaja mtu. Lakini wote tulijua ni nani mtaani mwetu aliyekuwa na mazuti. Donati alitazama viatu vyake vilivyolowa.

"Ile ya mazuti iko yangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Ninajua," Papa Ilunga akajibu. "Shika beseni."

Sasa nikueleze, maana hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa mpaka leo. Gari lile lisingepasuka. Mazuti hayashiki moto kirahisi. Cha kuogopwa ni esanse, ndiyo maana Papa Ilunga alizimisha sigara ya kila aliyesimama karibu. Kuongeza esanse juu kusingesaidia, kwani mafuta yale mawili yakikutana yanachanganyika, hayapangani kama mawese juu ya maji. Kuwasha tena kungeyavuta mazuti mbali zaidi katika mipira. Na gari halikuwa limekufa. Lilikuwa limekunywa kisicho chake, basi.

Kijana wa jiwe alitaka kuyanyonya mazuti kwa mpira mdomoni, Papa Ilunga akamzuia. Ukiyameza au yakiingia mapafuni, utaugua vibaya. Akalala chini ya gari, akafungua skrubu ya tangi, na mazuti yakashuka katika beseni ambalo Donati alilishika kwa mikono miwili, akiwa amepiga magoti. Wakafungua mpira, wakaupuliza kwa pampu ya baiskeli. Wakamwaga kilichobaki karibu na injini, wakapangusa mabuji yanayotoa cheche, wakasuuza kwa esanse kidogo, ndipo wakatia iliyobaki. Tulimsikia Mama Meta tu, akimwimbia Yaya kwa Kiluba cha Kasai, na Yaya akimwitikia kwa kile cha kwetu.

Gari likawaka. Lilitoa moshi njia nzima, lakini lilifika, na mwanga ulikuwa bado upo.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume. Donati ndiye aliyesema aitwe Ilunga. Ni jina lililopo kwao na kwetu pia, kwa hiyo yeyote aliyelisikia hakujua limetoka upande gani, na wakati ule hiyo ilikuwa salama. Baadaye Papa Ilunga na mkewe waliondoka, kama wengi wa Kasai walivyoondoka. Sikuwaona tena. Kambo naye hakukubali bidoni yoyote chini ya kitanda chake, hata ya mawese ya kweli.

Basi shika haya, mwanangu. Wako watakaokuambia kwamba esanse katika gari la mazuti haina neno, kwa kuwa ni nyepesi. Usiwasikilize. Mazuti ndiyo yanayolainisha pampu ya gari lile. Esanse huikausha, chuma kinasagana na chuma, na hasara yake ni kubwa kuliko ile ya kwetu. Na mtu akikosea mbele yako, usikimbilie kumtafuta wa kulaumu. Sisi tulipoteza mwanga wa jua tukimhukumu mtu aliyekuwa na jibu mkononi. Kuuliza si ujinga. Lakini muulize anayehusika, kisha umwache amalize kusema.

Mungu akupe barabara nyeupe, na jirani atakayetoka na ufunguo kabla hujamwita. Na siku ukitia mafuta yasiyo yake, usiwashe hata mara moja ya kujaribu. Toa ufunguo, utie mfukoni, sukumeni gari pembeni, kisha mwite fundi amwage tangi lote.