Nusu ya Somo la Bahari

Kufundisha bahari Tarime ni kazi ya kumtafutia mtu wazimu. Mwalimu Lusekelo alilijua hilo tangu mwaka wa kwanza alipopangiwa sekondari moja ya Kemambo, akitokea kwao Rungwe, na miaka iliyofuata haikumpunguzia hasira hata chembe. Kidato chake cha tano kilijaa vijana waliokulia kati ya mashamba ya mihogo na mashimo ya dhahabu. Ziwa walikuwa wameliona. Bahari waliijua kwenye taarifa ya habari. Na muhtasari wa somo, uliotungwa na watu wanaopata upepo wa pwani dirishani, ulimtaka awaeleze vijana hao mahali nchi inapokomea chini ya maji.

Kila mwaka alianza na jambo lile lile. Nchi kavu haikatiki ufukweni, aliwaambia. Inaingia majini na kuendelea, inateremka polepole kama malisho yanayoshuka bondeni, mpaka inapofika mahali inaporomoka kwenda kilindini. Kitabu kimoja kiliiita sehemu hiyo tako la bara. Mwaka alioingia shuleni hapo alilitamka neno hilo bila kujihami, darasa likacheka mpaka mwalimu wa zamu akaja kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo alisema ukingo wa bara, na aliyecheka alimtoa nje.

Alhamisi moja kipindi kilikwenda vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Aliwaeleza kwamba kila nchi yenye pwani inapewa sakafu ya bahari hadi maili mia mbili za baharini, bila kuulizwa swali. Ikitaka zaidi ya hapo, ithibitishe. Wataalamu wapande meli, wapime kina, wapeleke mawimbi ya sauti chini ili kujua unene wa tope lililotuama, mpaka waonyeshe kwamba ardhi ile ya mbali ni mwendelezo wa ardhi ya nyumbani. Gidion, kijana wa benchi la nyuma ambaye kwa kawaida alikuja darasani kupumzika, akakaa wima. Aliuliza kama mwamba ukiwa ni ule ule mmoja, hata ukienda mbali, unabaki kuwa wako.

Lusekelo alifurahi kupita kiasi. Kijana huyo hakuwahi kuuliza chochote tangu aanze kidato. Akamjibu ndiyo, ukithibitisha kwa sayansi ni wako, akageuka kuandika upande wa sheria ubaoni. Hakumaliza hata kichwa cha habari. Mkuu wa shule alitokea mlangoni akataka darasa zima likasombe mawe ya msingi wa maabara, kwa kuwa wageni wa wilaya walikuwa njiani. Lusekelo alimwomba dakika ishirini tu. Mkuu akamjibu kwamba bahari haitakauka kabla ya Jumatatu, na vijana wakatoka mbio kana kwamba wamefunguliwa zizini.

Sasa, baba yake Gidion ni Magige, mwenye duara la dhahabu kule Nyakunguru. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo, unashuka kwa kamba na kuufuata mwamba wenye mali kwa nyundo na moko, yaani patasi ya chuma. Shamba la Magige limepakana na la Elkana, naye ana duara lake, na kati yao upo mstari wa mikonge uliopandwa na wazee wao. Wiki hiyo hiyo watu wao walikuwa wamekutana chini kwa chini. Walitobozana, kama wanavyosema wenyewe, na mwamba ulionekana unatoka kwa Magige, unapita chini ya mikonge, unaingia kwa Elkana. Likitokea hilo, desturi ya hapo ni moja: kamba zote zinapandishwa juu, wala hashuki mtu mpaka wenye maduara wakae na mwenyekiti wa kijiji. Na siku zote kikao kiliamua kwamba kila mtu akomee chini ya mikonge.

Jumamosi Gidion akamsimulia baba yake alichojifunza. Jumapili, watu wakitoka kanisani, Magige alikuwa anatangaza kwamba sheria ya dunia nzima, iliyofundishwa na mwalimu wa serikali mwenye digrii, inasema mwamba ulioanzia kwako ni wako popote uendapo. Jioni aliweka vijana wenye mapanga kulinda mdomo wa shimo. Elkana naye akaweka wake.

Lusekelo hakuwa na habari. Jumatatu aliingia darasani na chaki zake, akaona kiti cha mbele kitupu. Kilikuwa kiti cha Akello, binti wa Elkana, mwanafunzi pekee aliyemfanya mwalimu huyu aone kwamba hajatupa ujana wake bure. Akello alisoma vitabu ambavyo hakuna aliyemwagiza, na alikuwa wa kwenda chuo kikuu kwa uhakika kama jua la kesho. Rafiki yake akaeleza kwa sauti ndogo. Baba amemtoa shule. Amesema hawezi kumsomesha mtoto kwa mwalimu anayewapa majirani silaha, na Jumatano Akello anavushwa mpaka wa Sirari kwenda kwa shangazi yake Migori, Kenya, akauze nguo sokoni.

Mwalimu akamwita Gidion nje, akamfokea mpaka sauti ikakwaruza. Gidion alisikiliza kwa adabu zote, halafu akauliza, "Lakini mwalimu, si ndivyo ulivyosema?" Na ndivyo alivyosema, hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Alimkasirikia kijana, akamkasirikia mkuu wa shule na mawe yake, akaikasirikia hata sheria yenyewe. Mkuu alimshauri asijiingize kwenye ugomvi wa wenyeji. Kesho yake, baada ya vipindi, Lusekelo alipanda bodaboda akaenda Nyakunguru kwenye kikao cha wenye maduara.

Aliwakuta wamekaa pande mbili, kamba zimekunjwa juu ya lundo la mawe, na vijana wa kila upande wamesimama nyuma ya wazee wao. Mapanga yalikuwa alani, ila mikono haikuwa mbali. Akawasalimia shikamoo. Magige alimpokea kama mgeni rasmi, akawaambia watu wakae kimya, mwenye sheria amefika.

Lusekelo alianza kwa kusema kwamba sheria ile ni ya bahari. Huku nchi kavu uchimbaji una sheria zake na leseni zake, na somo la darasani halina kazi kwenye shimo la mtu. Magige akaguna kwamba mwamba ni mwamba, uwe chini ya maji au chini ya mihogo. Elkana, aliyekuwa hajamtazama mwalimu hata mara moja, akauliza, "Kama halina kazi hapa, kwa nini unawafundisha watoto wetu?"

Swali hilo Lusekelo alikuwa akijiuliza kila mwaka anapofungua mada hiyo, na kuulizwa mbele za watu kulimchoma. Uvumilivu ukamwishia. Akaokota kijiti, akachora mistari kwenye vumbi, akawafundisha pale pale sehemu aliyokatizwa Alhamisi, kwa ukali ule ule anaowafundishia kidato cha tano. Hapa nchi moja, hapa jirani yake. Wote wametuma wataalamu wapime kwa meli na mitambo, wote wana ushahidi, wote mwamba wao unaendelea mpaka katikati. Ipo kamati ya wataalamu wa dunia inayokagua vipimo. Lakini majirani wakigombania sehemu, kamati haigusi. Haisemi ya nani. Kupima kunaonyesha mwamba unaishia wapi, hakuonyeshi jirani anaanzia wapi. Hilo wanakaa wenyewe wanakubaliana, wakishindwa wanatafuta mwamuzi, na wakati wanasubiri hakuna ruhusa ya kwenda kuvuruga.

"Yaani meli zote hizo," Elkana akasema, "na wataalamu, na mitambo, mwisho mnaambiwa mkae mwongee?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mwenye ushahidi mzuri zaidi?" Magige akauliza.

"Anakaa naye anaongea."

Magige akatikisa kichwa. "Mura, kijana wangu, sayansi yako haina faida."

"Haina," akasema Elkana.

Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana wiki nzima, na likawanogea. Wakaanza kumteta mwalimu akiwa amesimama hapo hapo, huyu akisema serikali inapoteza mishahara bure, yule akisema wasomi wa siku hizi wamejaa maneno. Walisogea kwenye mdomo wa shimo wakiendelea kumsimanga, mwenyekiti akawafuata, na mazungumzo yakageuka kuwa ya mwamba. Jua liliposhuka walikuwa wameafikiana. Mikonge waiache ibaki mpaka wa mashamba. Chini, alama itawekwa pale moko za pande mbili zilipokutana, kila mtu ale upande wake, na watu wa pande zote mbili watashuka Ijumaa kuiweka. Wale vijana walitumwa wakale.

Hakuna aliyemshukuru Lusekelo. Hata maji ya kunywa hakupewa, na koo lilikuwa limemkauka. Alimfuata Elkana njiani na kumuuliza kuhusu Akello.

Elkana alisimama. "Mtoto wa Magige alileta nusu ya somo nyumbani, tukakaribia kuuana," alisema. "Wangu atarudi, aniletee zima. Na wewe mwalimu, usiwe unakatisha."

Lusekelo alitaka kumweleza ni nani aliyekatisha. Akaona hasira nyingine za nini, akapanda bodaboda.

Jumatano Akello alikuwa kwenye kiti chake. Mwalimu aliandika upande wa sheria ubaoni kuanzia mwanzo, akibonyeza chaki mpaka zikavunjika, akaeleza yote aliyoyaeleza jana vumbini. Akello akanyoosha mkono. Aliuliza, nchi mbili zikishakubaliana mpaka, baadaye moja ikagundua kwamba mali yote imeangukia upande wa mwenzake, je, inaweza kuurudisha mpaka mezani?

"Haiwezi kwa kujitakia," akasema Lusekelo. "Makubaliano ni makubaliano."

Kwenye benchi la nyuma Gidion alikuwa ameacha kuandika. Akello aligeuka akamtazama, si kwa ugomvi, akasema taratibu, "Hili tusiwapelekee wazee nyumbani mpaka alama iwekwe, wasije wakaogopa kuiweka."

Gidion akaitikia kwa kichwa.

Mwalimu Lusekelo alifungua mdomo awakemee, maana somo halifichwi. Akaufunga. Akageukia ubao na kuwatangazia kwamba wiki hii hakuna kazi ya kufanyia nyumbani.