Firigisi ya kwa Chifu

Harufu ya kuku wa kienyeji akichemka kwenye moto wa kuni hunisimamisha mpaka leo, na wala si kwa njaa. Hunirudisha Sirisia, jikoni kwa Chifu, nikiwa na miaka tisa. Chifu mwenyewe alikuwa amekufa kabla sijazaliwa, lakini boma bado liliitwa kwa Chifu, na mwanawe, tuliyemwita Mzee, alikuwa amerithi shamba na heshima yote ya babake bila kupigiwa kura hata moja. Mama alimpikia, baba alimchungia ng'ombe. Nyumba yetu ilisimama kwenye kipande cha ardhi yake kando ya mto, na msimu ule wa kampeni alikuwa ametangaza kwamba huenda akakiuza. Baba alisema mwenye nguvu mpishe, lakini usingizi ulikuwa umemhama.

Siku hiyo alikuja mgombea ubunge. Alitaka avikwe ngozi ya mbega ya marehemu Chifu, ili watu wamwone kuwa mtawala kabla hawajamchagua. Na kwa kuwa alihitaji pia kura za vibarua, baba aliitwa kuketi sebuleni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mzee alikuwa ameahidi kwamba baada ya chakula angetoa neno kuhusu kile kipande chetu. Baba alikalia ukingo wa kiti, kofia magotini.

Mama alinipa kibakuli chenye firigisi. "Peleka," akasema, "na usinitie aibu." Hakutaja jina, maana kwetu Wabukusu kila mtoto anajua kwamba firigisi ni ya mkubwa, na mkubwa akiikosa ametukanwa mbele za watu. Nami nilijua. Tangu nipate akili, nyumbani firigisi ilikwenda kwa baba. Nikampita Mzee, nikampita mgeni, nikapiga magoti na kuiweka mbele ya baba.

Watu wakaacha kutafuna. "Ati siku hizi chifu ni Wekesa?" mgeni akauliza, akimtaja baba kwa jina, akacheka peke yake. Baba alisimama, akashika kibakuli kwa mikono miwili. Akamwendea Mzee, akainama.

"Mzee, mtoto amekosea. Pokea."

Mzee alimwacha ameinama vile vile mpaka akamaliza tonge lake. Kisha akapokea, akatafuna polepole akimtazama baba. "Mtakaa," akasema mwishowe. "Lakini funza huyu mtoto wako." Nilimchukia, na kusema kweli, siku ile nilimchukia baba zaidi.

Leo nina nyumba yangu Kitale, na hati ya kiwanja ina jina langu. Mgombea yule alishinda, na siku hizi mwanawe ndiye anayezunguka na ngozi ile ile mabegani, vijana wa bodaboda wakimsindikiza kwa honi. Nikiwauliza amewafanyia nini, wananicheka: "Si hiyo ni damu ya viongozi, mathe." Hasira hunipanda, lakini siwalaumu, maana magoti yangu nayo yaliwahi kugusa sakafu ya kwa Chifu.

Baba hunitembelea Jumapili. Nachinja kuku mwenyewe, naweka firigisi kwenye sahani yake, mezani kwangu, tukiwa sisi wawili tu. Na kila mara, kabla hajaigusa, baba hutazama mlangoni.