Pini Zilizomfunga Mdomo Mwalimu Gathogo

Chumba cha kompyuta cha mama yangu kule Ruring'u kilinuka soksi. Hata Agosti, baridi ya Nyeri inapokaza, hakuna aliyeruhusiwa kuingia na viatu, kwa sababu tuliamini vumbi la viatu huua kompyuta. Ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama mwenyewe, na wasichana waliokuja kujifunza kupiga chapa waliikaribia kama wanaoenda madhabahuni. Kuifungua kwa bisibisi hakuna aliyewaza.

Mwalimu Gathogo aliijua hofu hiyo vizuri. Alifundisha kwetu hadi alipofungua chuo chake ng'ambo ya barabara, na siku ya kuondoka akaiwekea mashine yetu neno la siri, ikawa haifunguki bila yeye. Mama alipomfuata, Mwalimu alimjibu mbele ya wanafunzi: "Mama Wangari, hiyo mashine itakaa hivyo. Lete hao wasichana kwangu, ama ukuje unipigie magoti." Mama alirudi akakaa jikoni akimenya viazi ambavyo hatukuvihitaji. Mtihani ulikuwa karibu na wasichana walishaanza kufunga virago. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilimchukia mtu yule.

Ni yeye mwenyewe aliyewahi kujigamba darasani kwamba kompyuta hukumbuka neno la siri kwa nguvu ya betri ndogo iliyo ndani, na kwamba ziko pini za kuisahaulisha. Mama alipoenda sokoni nilichomoa waya ukutani, nikaifungua. Kwenye madabodi, ule ubao wa kijani unaobeba kila kitu, pini zilisimama vikundi vikundi bila hata herufi moja kando yake. Kubahatisha kungeweza kuiunguza, na hapo tungekwisha kabisa. Nikachukua betri ya tochi, balbu na nyaya, nikaviunga ili balbu iwake pale tu ncha mbili zinapokutana na njia moja ya umeme. Ncha moja niliishikiza kwenye mguu wa ile betri ndogo, nyingine nikaipitisha pini moja moja. Balbu ilikataa, ikakataa, kisha ikawaka kwenye kikundi cha pini tatu pembeni. Pini ya mwisho ya kikundi hicho iliwaka nilipoiunganisha na bati la kasha. Basi ndizo: upande mmoja nguvu ya betri, upande wa pili bati la kuimwaga. Kikofia cha plastiki kinachounga pini mbili, ambacho mafundi hukiita jampa, nikakihamishia upande wa bati ili kumbukumbu ikose nguvu, nikasubiri, nikakirudisha.

Mashine iliwaka bila kuuliza chochote. Ningeweza kuishia hapo. Badala yake niliweka neno langu la siri, nikamwomba mama amwite Mwalimu, amwambie tumeshindwa. Mama alinitazama kidogo, akaenda.

Alikuja na wanafunzi wake nyuma, akawakuta wasichana wetu, akavua viatu, akaketi. Aliandika, ikakataa. Akaandika tena polepole, kidole kimoja kimoja.

"Ati imekataa?" nikamwuliza. "Labda umesahau, Mwalimu. Nipishe kidogo."

Nikaandika langu, ikafunguka. Wasichana walicheka hadi wakashikana, naye akatoka na viatu mkononi. Wasichana wetu wote walifanyia mtihani kwetu.

Siku hizi kila pini huja na jina lake, na asiyejua hutafuta kwenye simu akiwa amelala kitandani. Mama alishamsamehe zamani. Mwaka jana Gathogo, sasa mzee wa mkongojo, alinishika mkono nje ya kanisa akasema yale yalikuwa mambo ya utoto. Nilimwambia hapana. Ningeyafanya tena leo, na safari hii ningewaita na wazazi wa wale wanafunzi.