Namuria Aliyemjengea Kijidudu Nyumba

Watu wa Kakuma wakitaja nyumba imara, wanamtaja mkaza mwanangu Namuria. Alizaliwa Lowarengak, ambako upepo wa ziwa huvua watu nguo, kwa hiyo alijua kufunga fito kabla hajajua kutembea. Kwetu akai, yaani nyumba, ni kazi ya mwanamke. Anachimbia fito, anazikunja zikutane juu, anazifunga kwa kamba za ngozi, kisha anaivika majani ya mkoma na ngozi juu yake. Akai moja ya Namuria iliwahi kuegemewa na ndovu. Ndovu ndiye aliyevunjika. Asiyeamini aje aniulize mimi niliyemkanda mbavu.

Mwaka 2013, uchaguzi umekwisha na mabango ya wagombea tumeyageuza milango ya mazizi, loukoi ikaingia. Loukoi ni ugonjwa wa mapafu. Mbuzi walikohoa mpaka fisi wakahama kwa kukosa usingizi. Mbuzi wa maziwa wa Namuria, wale waliomlea mjukuu wangu Akeno, nao wakaanza. Mwanangu Emanikor, mume wake, akawachoma penisilini ya dukani. Wakazidi. Akaongeza. Baadhi wakafa wakiwa na matundu kama chujio. Kila Namuria aliposema dawa ibadilishwe, Emanikor alijibu kwamba dawa hiyo ilimponya ngamia wake, na mwanangu huyo humwamini ngamia kuliko mke.

Namuria akadandia lori la mkaa mpaka Lodwar kumtafuta Chepkemoi, daktari wa mifugo. Chepkemoi akamweleza kwamba vijidudu vingi vina ukuta mgumu, na penisilini kazi yake ni kuharibu ukuta huo. Kijidudu cha loukoi hakina ukuta. Kimejifunika utando laini tu, kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemka, na kwenye ukoo wake wako ambao ukiwatazama kwa darubini kubwa unakuta nyuzi na vijiti ndani, ndivyo vinavyowashikia umbo.

Namuria akasema, basi hao wana fito kama akai. Daktari nusura aanguke kitini kwa furaha. Akamwomba ajenge fito tupu pale kwenye visima vya mto Tarach, azifunike chandarua peke yake, naye atakuja kuwaonyesha wanaume kwa macho yao.

Hakujua ameomba jambo zito. Fito tupu kwetu ni nyumba iliyohamwa. Mwanamke anayejiheshimu hawezi kuziacha uchi mbele za watu. Namuria alijenga, akazunguka, akaona haya, akavika. Daktari alipofika na sindano zake alikuta akai nzuri ajabu, ina ngozi mpaka chini, ina jiko la mawe matatu. Ndani nipo mimi, kwa sababu nilisikia anatafutwa mtu wa kuwa kijidudu, na kazi kama hiyo haiji mara mbili uzeeni.

Chepkemoi akashika kichwa. Akanong'ona kwamba hicho ni kijidudu kingine kabisa, chenye ukuta. Wanaume wameshakaa kwenye vigoda vyao, Emanikor mbele, mswaki mdomoni. Namuria akafikiri kidogo, akanong'ona naye: kama ngozi ndiyo kosa, si aivue huyo mwenye penisilini yake?

Daktari akatabasamu. "Mzee, leo wewe ndiwe penisilini. Bomoa ukuta."

Emanikor akarusha mswaki. Alichana ngozi zile kama chui, na mimi nikafa. Nilikufa vizuri sana: nikaomba maji, nikagawa mali, nikamlaani jirani mmoja, ndipo nikakata roho. Wanaume wakapiga makofi, Emanikor akatembea kwa madaha akiwauliza kama wameiona dawa yake.

Namuria akatupia chandarua juu ya fito. Nikafufuka.

"Na hiki ndicho cha loukoi," daktari akasema. "Haya, penisilini."

Emanikor akatafuta ngozi, hakuna. Akapiga fimbo, chandarua kikabonyea kikarudi, fito hazikutikisika. Nikamkoholea usoni. Nikamtolea ulimi. Akazunguka kama jogoo aliyepoteza mtetea, watu wakagaagaa mchangani kwa kicheko.

"Ukuta uko wapi?" akauliza.

"Hakuna, Baba Akeno," Namuria akasema. "Mbuzi wangu wanakufa, na wewe bado unautafuta."

Kicheko kikakatika. Emanikor akamgeukia daktari, akauliza kwa sauti ya chini dawa yake yeye hupiga wapi. Chepkemoi akainua chandarua, akaingia, akaipua sufuria yangu ya ugali. Dawa hii haishughuliki na kuta, akasema. Inapenya ndani na kuzima jiko, kijidudu hakijipikii tena, hakiongezeki. Nikafa mara ya pili, na safari hii kwa hasira, maana ugali ulikuwa unakaribia kuiva.

Emanikor akaweka fimbo chini, akaenda zizini, akamshika mbuzi wa kwanza mwenyewe. Wale ambao mapafu yalikuwa yameshagandana na mbavu hawakupona. Wengi walipona, na wa maziwa wakawemo.

Wiki iliyofuata mwanangu alipita boma kwa boma akiwafundisha watu habari za kijidudu kisicho na ukuta, kana kwamba alikizaa yeye. Nikafungua mdomo nimuumbue. Namuria akanikanyaga mguu.

"Mwache aseme, mama," akaniambia. "Mbuzi wa jirani wakitibiwa, wangu hawataambukizwa tena."